Waya Mdomoni, Mkono Mezani

Alhamisi, 12 Juni

Muuguzi wa wodi ya kinywa na taya amenipa daftari hili na kalamu ya bluu. "Daktari anapita haraka," amesema, "na wewe ukijaribu kuongea unatoa mate tu. Andika maswali yako, nitakujibu humu humu." Maswali nimeyaanzia nyuma ya daftari. Huku mbele naandika yangu, kwa sababu mtu aliyekula kwa mdomo wake miaka kumi na minne hawezi kunyamaza majuma sita bila kupasuka.

Niseme ukweli mara moja, maana humu hakuna wa kunipigia makofi. Mimi ni mshereheshaji wa harusi, watu wananiita Tarumbeta. Jumamosi iliyopita nilikuwa jukwaani mbele ya wageni mia tatu, narudi kinyumenyume huku nawaambia wapige makofi mpaka dari litikisike. Miaka yote narudi kinyumenyume hivyo, ndiyo mtindo wangu. Safari hii jukwaa liliisha kabla yangu. Kidevu kikagonga ukingo wa ngazi. Wageni walidhani ni sehemu ya utani, wakacheka kuliko walivyowahi kucheka.

Taya limevunjika mahali pawili. Jumatatu daktari aliweka bati dogo na skurubu, kisha akayafunga meno ya juu na ya chini kwa waya ili mfupa utulie. Majuma sita. Na katika majuma hayo sita nina harusi sita, kila Jumamosi moja, zote za mchana, zote kwenye ukumbi wa Mzee Funguo.

Mke wangu alisimama kando ya kitanda ameshika viatu vyangu. Yeye watu wanamwita Mama Meza, kwa kuwa miaka yote hiyo amekaa kwenye meza ya muziki pembeni ya ukumbi, hasemi neno, ananipa ishara. Akishika sikio, sauti imezidi. Akiinua vidole viwili, zimebaki dakika mbili. Akigusa paji la uso, jina hilo lipite: mtu huyo ni marehemu, au ameachana na mwenzake, au hatakiwi. Ishara tu hizo. Kazi yenyewe ni yangu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimevimba mpaka kioo kimenikataa. Nimeandika nyuma: Uvimbe huu utakwisha lini? Nina wasiwasi daktari kasahau kitu ndani. Dada yangu mkubwa kalipeleka daftari kliniki, karudi na jibu: "Hakusahau kitu. Siku ya pili mpaka ya nne ndipo uvimbe unapozidi, halafu unashuka wenyewe. Barafu ilikuwa ya siku mbili za mwanzo, sasa tumia kitambaa cha uvuguvugu. Lala kichwa kikiwa juu kwa mito miwili."

Jioni nikamwandikia mke wangu kwamba harusi ya kesho apewe Kasuku, mshereheshaji wa mtaa wa pili, ambaye hana jipya, utani wake wote kauchuma kwangu. Mke wangu akasoma, akakunja karatasi mara nne.

"Hapana," akasema. "Nitasimama mimi."

Nilicheka. Kucheka na waya ni kosa, nilitoa machozi.

Jumamosi, 14 Juni

Kaondoka saa sita. Karudi saa moja. Nikamwandikia: Vipi? Akasema, "Imekwenda," akaenda kuchuja supu.

Jumapili, 15 Juni

Dada yangu, aliyekaa kwenye meza ya muziki jana badala ya mke wangu, kaja asubuhi, hata hajakaa, kaanza. "Wifi yangu ana kipaji! Kaka, ungekuwepo! Ukumbi wote ulikaa kimya anavyoongea, mpaka watoto."

Nikaandika: Walikaa kimya kwa sababu hawakusikia.

"Walisikia mpaka waliokuwa jikoni," dada kasema.

Nimejifariji kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Jumamosi ijayo ataharibu.

Jumanne, 17 Juni

Kliniki. Nanakili hapa maana ni muhimu.

Swali: Mdomo wa chini hausikii kitu. Uji unamwagika kwenye shati sijui. Nimepooza?
Jibu: "Hujapooza. Mshipa wa fahamu unapita ndani ya taya na umeguswa. Hisia hurudi polepole, majuma hata miezi. Ukianza kusikia kama sisimizi wanatembea, furahi."

Swali: Waya unanichoma shavu.
Jibu: "Bandika nta niliyokupa. Mswaki wa mtoto, maji ya chumvi vuguvugu kila baada ya kula. Na dawa umalize dozi, usiache kwa kuwa maumivu yameisha."

Swali: Nikitapika je, si nitakufa?
Hili hakuliandika, alilisema kwa mdomo, na alimwita mke wangu asogee. "Ainame mbele, kichwa chini, kitoke chenyewe kati ya meno na mashavu. Kikikwama na anakosa pumzi, huu hapa mkasi wa waya. Unakata hizi zinazoshuka kutoka juu kwenda chini. Nne tu. Usiogope kuharibu, tutafunga upya. Mkasi ukae naye saa zote, na aliye naye ajue kuutumia."

Mke wangu alimwomba arudie. Halafu akarudia mwenyewe, akigusa kila waya kwa ncha ya kidole: moja, mbili, tatu, nne. Nyumbani aliutunga mkasi kwenye kamba nyeusi ili nivae shingoni.

Alhamisi, 19 Juni

Uji. Maziwa. Supu iliyochujwa. Vumbi limeanza, upepo wa kiangazi unaingia kila mahali.

Jumamosi, 21 Juni

Hakuharibu.

Jumatatu, 23 Juni

Simu yangu inalia mchana kutwa, naiangalia kama mtu anayeangalia mpira nje ya uzio. Leo kapokea mke wangu, kaweka sauti ya nje ili nisikie. Mwanamke fulani: "Samahani, namtafuta yule mama. Yule wa harusi ya juzi." Mke wangu akasema huyu hapa mwenye kazi, ni mume wangu, anaumwa, atapona. Yule akasema, "Pole yake. Lakini mimi namtaka yule mama."

Mke wangu alinitazama kwa aibu, kana kwamba kaniibia. Ingekuwa afadhali angeniringia, ningepata sababu.

Nina wivu. Nimeandika, haya. Nina wivu na mke wangu mwenyewe.

Jumamosi, 28 Juni

Dada karekodi kwenye simu, kaniletea bila kuombwa. Nimesikiliza mara tatu, mara ya tatu nimejifungia chooni.

Mimi nikiingia ukumbini napasua: "Hamjambo hamjambo hamjambooo!" Mpaka waitikie mara tatu siwaachi. Yeye kaingia, hajasema kitu. Unasikia viti, unasikia kijiko, halafu hata kijiko hakisikiki. Ndipo akasema kwa sauti ya mtu aliye sebuleni kwake: "Karibuni. Bibi yake bwana harusi amesafiri siku mbili kufika hapa, na magoti yanamuuma. Kabla hatujaanza lolote, naomba tumsimamie yeye, asisimame yeye." Ukasikia watu mia tatu wanasimama. Bibi analia. Na mimi, kwenye choo changu, nikakasirika zaidi.

Habari za magoti kazitoa wapi? Nikamuuliza kwa karatasi. Akanishangaa. "Si nimewauliza? Kila harusi nazunguka kwa familia zote mbili kabla hamjaanza. Unadhani yale majina ninayokupa nayaota?"

Miaka kumi na minne nimedhani anakwenda kusalimia.

Hata hivyo. Mtu hawezi kupewa farasi wa mwenzake wiki tatu akaitwa mpanda farasi.

Jumatano, 2 Julai

Kliniki. Mizani inasema nimepoteza kilo sita. Dada, aliyenisindikiza, kaniangalia mbavu akasema mbele ya muuguzi, "Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda." Muuguzi kacheka mpaka kashika meza. Kumbe mwanamke huyu naye alikuwa harusini Jumamosi, bwana harusi ni mpwa wake. "Mkeo!" kaniambia. "Yaani mkeo!" Hakumaliza sentensi, na hiyo ndiyo sifa mbaya kuliko zote.

Swali langu la leo: Je, mtu akikaa kimya muda mrefu anaweza kusahau kuongea?
Jibu: "Hapana. Wengi wake zao hutamani wangesahau. Wewe kunywa maziwa, ongeza mafuta kwenye supu, kula mara sita."

Ijumaa, 4 Julai

Mke wangu kaniomba jambo. Anachoka: kuzunguka kwa familia, kisha kupanda jukwaani, na dada anakosea nyimbo. "Kesho ukae mezani wewe," kasema. "Wewe ndiye unayezijua ishara. Uzunguke na karatasi, watu wakuambie, wewe uandike. Kama nilivyokuwa nafanya mimi."

Nikaandika: Mkasi huu sivai mbele za watu. Nitaonekana fundi bomba.

Akauvua shingoni kwangu, akauvaa yeye. "Basi nitauvaa mimi. Ukikabwa utagonga meza."

Jumamosi, 5 Julai

Nimezunguka na karatasi. Watu wanajibu vizuri sana wakiulizwa na mtu asiyeweza kuwakatiza. Mjomba mmoja kanieleza ugomvi wa shamba wa miaka tisa, nikajua asikae karibu na nani. Halafu nikakaa mezani. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nimeuona ukumbi kutoka pembeni.

Alikuwa mzuri. Ndiyo, naandika. Kila akifika kwenye jina alinitupia jicho, fupi, kama dereva anavyotazama kioo, na mimi nikampa ishara, akaenda. Mara mbili niligusa paji, mara mbili akaruka jina bila mtu kugundua. Alivaa gauni la kijani na ule mkasi kifuani. Mwanamke mmoja alimuuliza mkufu wa mtindo huo kaununua wapi.

Tulipokuwa tunatoka, mzee mmoja akanipiga bega: "Na wewe fundi muziki, hongera, umejitahidi."

Fundi muziki.

Jumatatu, 7 Julai

Upepo. Bati la jirani limegonga usiku kucha, sikulala.

Jumanne, 8 Julai

Mzee Funguo, mwenye ukumbi, kapita asubuhi na funguo zake zote zinalia kiunoni. Ameleta bango jipya aone mke wangu kama picha imetoka vizuri. Bango la lango kuu. Miaka tisa pale langoni kuna uso wangu, mdomo wazi, kipaza sauti mkononi. Bango jipya lina mke wangu. Mimi nimo, chini kushoto, kichwa tu, saizi ya stempu.

"Si kwamba tunakutoa, bwana Tarumbeta," Mzee Funguo kasema kwa sauti kubwa, maana watu hudhani asiyeongea hasikii. "Ni biashara tu. Wateja wanamtaka mama."

Mke wangu kasema, "Hapana mzee, mume wangu akipona anarudi. Mimi nashika tu nafasi." Lakini niliona macho yake kwenye lile bango. Aliliangalia kidogo tu, kama mtu aonaye picha yake ya utotoni ambayo hakujua ipo. Alilipenda. Na mimi nikamchukia kwa muda wa kunywa kikombe kizima cha maziwa kwa bomba la sindano, nao si muda mfupi.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika kabla sijavua viatu.

Harusi ya leo bibi harusi ni mwalimu wa chekechea. Saa saba nilizunguka na karatasi yangu. Mama wa bibi harusi alinivuta pembeni karibu na mlango wa jikoni, akanishika mkono kabisa. "Baba, sikiliza. Kwenye ratiba ya kamati wameandika jina la baba aliyemzaa, kwa kuwa ndilo jina analotumia mtoto. Yule mtu alituacha mtoto ana miaka miwili. Asitajwe. Atakayesimama ni huyu mume wangu, seremala, ndiye aliyemlea. Ana neno lake dogo kaliandika, wiki nzima anajifunza kulisoma. Mwambie mama."

Nikaandika. Nikamwonyesha nilichoandika. Akanishukuru kwa mikono miwili.

Mke wangu alikuwa tayari anaingia jukwaani. Haikuwa shida, ndivyo tunavyofanya siku zote: ratiba ya kamati iko mkononi mwake, marekebisho yako kwangu mezani. Akifika hapo atanitazama, nitagusa paji, ataruka, nitamwonyesha seremala kwa kidole. Jambo la sekunde mbili.

Alikuwa amewaka leo. Sijui neno jingine. Alisema kitu kuhusu watoto wa chekechea na ukumbi ukacheka kicheko ambacho mimi nimekitafuta maisha yangu yote, kile kinachoanzia kwa wazee. Nyuma yangu mtu akamwambia mwenzake, "Huyu mama siku zote alikuwa wapi?" Mwenzake akajibu, "Alikuwa kwa yule mpiga kelele."

Ndipo akafika kwenye baba wa bibi harusi. Akanitazama.

Mkono wangu ulikuwa juu ya meza, karibu na kikombe. Kutoka mezani mpaka kwenye paji ni nusu mita. Sikuupandisha. Sitaki kuandika kwamba nilisahau, wala kwamba nilizubaa. Alinitazama, nikamtazama, mkono nikauacha pale pale. Alisubiri kuliko kawaida. Halafu akaniamini.

Alilitaja jina lile kwa heshima zote, akaomba ukumbi umkaribishe baba mzazi.

Seremala alikuwa ameshanyanyuka nusu, karatasi mkononi. Akabaki hivyo hivyo kidogo, halafu akakaa. Bibi harusi akafunika uso. Mama yake alinigeukia mimi kutoka mbali, na macho yale sitayasahau. Mke wangu alijua papo hapo kuna kitu kimevunjika, akasema kwenye kipaza sauti, "Nisameheni. Nimekosea mimi, hakuna mwingine. Namwomba baba aliyemlea bibi harusi, tafadhali, jukwaa hili ni lako." Lakini yule mzee alikwisha toka. Wakamfuata nje, hakurudi mpaka chakula kimekwisha. Neno lake hakulisoma.

Mke wangu aliendelea mpaka mwisho, sauti imepungua. Kila alipoinama kusoma ratiba ule mkasi ulining'inia mbele ya gauni. Alikuwa ameuvaa saa nne mfululizo ili mimi nikikabwa akimbie.

Jumapili, 13 Julai

Kasema asubuhi, anakoroga uji: "Sikukutazama vizuri jana. Nilikuwa na haraka. Nilidhani hukutoa ishara kumbe labda ulitoa. Kosa langu."

Nilikuwa na kalamu mkononi. Karatasi ilikuwepo. Sikuandika kitu.

Jumatatu, 14 Julai

Gauni la kijani limekunjwa, limewekwa juu kabisa ya kabati. Kampigia Mzee Funguo: bango lisitundikwe. Kampigia Kasuku: harusi ya tarehe kumi na tisa aichukue. "Mimi si wa kazi hii," alimwambia. "Nilimvunja mzee wa watu mbele ya mtoto wake." Hapa nilipo nimepata kila nilichokiomba. Supu imenishinda.

Nimeandika swali nyuma ya daftari: Je, taya linaweza kukataa kupona kwa sababu nyingine, isiyo ya mfupa?

Jumatano, 16 Julai

Jibu: "Picha inaonyesha mfupa umeshika vizuri. Jumatatu tunatoa waya. Una homa? Usaha? Harufu mbaya? Kama hakuna, taya lako ni zima, na hiyo sababu nyingine iambie mwenye nayo."

Huyu muuguzi, kwa jinsi ninavyoandika huku mbele na yeye nyuma, sina hakika hafungui kurasa.

Jumamosi, 19 Julai

Mara ya kwanza baada ya miaka tuko nyumbani Jumamosi. Mbali unasikia muziki wa ukumbi, Kasuku anapiga kelele. "Hamjambo hamjambo hamjambooo." Ndivyo ninavyosikika? Mke wangu anashona kifungo, hainui kichwa.

Kwenye saa tisa nikapaliwa. Supu ilikuwa na kipande cha kitu, kikapita vibaya, kikakwama. Nikakohoa, hakikutoka, pumzi ikakata. Sikugonga meza, sikuwahi. Lakini kabla kikombe hakijafika chini alikuwa nyuma yangu, kaniinamisha, mkono mmoja kifuani kwangu, mwingine una mkasi umeshafunguka karibu na shavu. "Inama. Inama zaidi. Toa." Nasikia anahesabu, moja, mbili, tatu, nne, anazitafuta waya kwa kidole. Nikakohoa tena, kikatoka na mate yote. Hakukata.

Alikaa chini sakafuni pale pale, ameshika mkasi. Anavaa ule mkasi mpaka sasa, hapa nyumbani, juu ya kanga. Siku saba hizi sikuwa nimeona.

Jumatatu, 21 Julai

Waya zimetoka. Inachukua nusu saa na inauma kuliko nilivyoahidiwa.

Muuguzi kasema wagonjwa wote humuuliza swali moja siku ya leo: watakula nini kwanza. Kanipa maelekezo kabla sijauliza. Mdomo utafunguka upana wa kidole kimoja tu, nisiulazimishe. Nifanye mazoezi, fungua, funga, kushoto, kulia, mara tano kwa siku. Vyakula laini majuma manne mengine, nisitafune kigumu, nisipige miayo kama kiboko. Mdomo wa chini uliokufa ganzi utarudi ukitaka. Nikamwonyesha mahali: tangu jana kuna sisimizi. Akapiga makofi.

Mke wangu alikuwa kwenye benchi la korido. Nilikaa karibu naye. Majuma sita nilikuwa natunga nitakachosema siku hii, na kwa muda mrefu ilikuwa hotuba ya kurudi jukwaani. Taya lilikuwa gumu kama bawaba iliyolala kwenye mvua, maneno yakatoka ya mlevi.

"Niliambiwa," nikasema. "Yule mama aliniambia. Niliandika. Mkono sikuupandisha makusudi."

"Rudia."

Nikarudia. Nikaongeza: "Nilikuonea wivu. Hukukosea wewe. Nilikuacha uanguke."

Alivua ile kamba shingoni, taratibu, maana ilikuwa imeshikana na nywele. Akaniwekea mkasi mkononi.

"Huu mrudishie muuguzi," akasema. Akaenda zake nyumbani kwa miguu.

Jumanne, 22 Julai

Mazoezi mara tano. Hajaongea nami. Sasa mimi ninao mdomo, yeye hana.

Alhamisi, 24 Julai

Nimekwenda kwenye karakana ya seremala. Nilimkuta anapiga randa, nikamwambia yote kwa mdomo wangu mbovu, nikarudia pale asiposikia. Aliacha randa. Akaniuliza, "Kwa hiyo yule mama hakuwa na kosa?" Nikasema hakuwa nalo. "Basi nenda ukamwambie simlaumu. Wewe nakulaumu." Nikasema ni haki yake. Akaendelea na mbao.

Nikamfikishia mke wangu ujumbe, sehemu zote mbili. Kisha akamwomba dada yangu amshushie gauni la kijani kutoka juu ya kabati. Mimi nilikuwepo na ni mrefu zaidi ya dada, hakuniomba.

Jumamosi, 26 Julai

Mteja wa leo ni yule wa simu, aliyemtaka "yule mama". Asubuhi nilimwambia mke wangu mimi naweza kuongea kidogo sasa, lakini sitaki jukwaa, naomba meza, akikubali. Akasema, "Beba spika."

Saa saba alizunguka mwenyewe kwa familia zote mbili, na kadi na kalamu. Mimi nami nikazunguka nyuma yake, nikiuliza yale yale. Watu walishangaa kuulizwa mara mbili, mmoja akaniuliza kama sisi ni polisi.

Alianza kwa kile kimya chake. Nimekaa pembeni, mikono mapajani, nimeona ukumbi unamwendea. Wivu haujaisha, nisijidanganye. Ulikuja pale pale, ukakaa karibu yangu.

Majina yakaanza. La kwanza hakunitazama. La pili hakunitazama. Majina kumi na moja, kadi mkononi, macho kwa wageni, pembeni kwangu hakugeuka hata mara moja, na kila jina nilikuwa nimekaa wima kama mtoto anayesubiri kuitwa darasani.

La mwisho lilikuwa la kaka wa bwana harusi, ambaye kamati iliandika mwaka jana kuwa atatoa zawadi, haikumfuta. Kaka huyo alizikwa mwezi wa pili, shangazi alinieleza akiwa anapangusa macho. Mke wangu akafika hapo. Akageuka, akanitazama.

Nikagusa paji. Nilipandisha mkono haraka mpaka nilijipiga.

Akageukia wageni, akaendelea, na hakuna aliyejua kuna jina limerukwa.

Jioni tulipokuwa tunakunja nyaya, kadi yake ilikuwa juu ya meza. Jina la kaka lilikuwa limekatwa mistari miwili ya wino, kwa mwandiko wake, na pembeni kaandika "marehemu". Alikuwa anajua kabla hajanitazama. Nikaiweka kadi pale pale nilipoikuta, nikabeba spika kwenda nje.